Tinti haitoki kwa wembe, hutoka kwa joto

Wengi huamini kuwa tinti ya gari, ile karatasi ya plastiki inayotia kioo giza, huondolewa kwa kuikwangua na wembe. Kwenye kioo cha nyuma imani hiyo huharibu mali: nyaya nyembamba za kuondoa ukungu zimechapwa upande wa ndani wa kioo, na tinti imebandikwa juu yake. Wembe ukikata waya mmoja, mstari huo haupati tena moto.

Kinachoshikilia tinti ni gundi, na gundi hulainishwa na joto. Elekeza mashine ya mvuke au ya kukaushia nywele kwenye kona moja kwa dakika moja hivi, ukiichezesha bila kuisimamisha, kwa sababu joto la ghafla sehemu moja laweza kupasua kioo. Inua kona kwa kucha, kisha vuta polepole, karatasi ikilala karibu na kioo, joto likitangulia mbele ya mkono.

Ikichanika vipandevipande, au tabaka la juu likitoka peke yake, unavuta haraka mno au kioo kimepoa. Rudisha joto, usiongeze nguvu.

Gundi iliyobaki inyunyizie maji ya sabuni, ifunike kwa plastiki isikauke, baada ya nusu saa isugue kwa kitambaa laini kufuata nyaya, kamwe si kuzikatiza. Amonia huyeyusha gundi haraka zaidi, lakini fungua milango yote, funika viti na spika, na usiichanganye na dawa ya klorini: mvuke wa mchanganyiko huo ni sumu.

Vioo vya pembeni visivyo na nyaya vinaweza kuguswa na wembe mpya, kioo kikiwa kimelowa.