Kwa nini sianzi na warfarini peke yake

Mguu mmoja umevimba, kigimbi kinauma, na mgonjwa hajafika hata miaka 30. Nikisikia kwamba mama yake naye aliwahi kuganda damu baada ya kujifungua, au mjomba alifariki ghafla angali kijana, nafikiria bonge la damu mguuni, na kasoro ya kurithi inayofanya damu igande kupita kiasi. Hapo warfarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda, naishika kwa uangalifu mkubwa.

Wengi huiita dawa ya kuyeyusha damu. Haiyeyushi chochote. Inalizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza vigandishi vya damu, namba 2, 7, 9 na 10. Lakini vitamini K hiyohiyo ndiyo inayohitajika kutengeneza protini C, inayozuia damu isigande kupita kiasi, na protini C huisha upesi: nusu yake hupotea ndani ya saa nane hivi. Kigandishi namba 2 huchukua siku mbili na nusu au zaidi kupungua kiasi hicho. Kwa hiyo siku za mwanzo damu inakuwa rahisi zaidi kuganda.

Aliyerithi upungufu wa protini C ameanza na karibu nusu tu. Akipewa warfarini pekee, hasa kwa dozi kubwa, kati ya siku ya tatu na ya tano mishipa midogo ya ngozi inaweza kuziba. Ngozi ya titi, paja au kalio huuma sana, hugeuka zambarau, kisha hufa na kuwa nyeusi. Ukiiona mara moja huisahau.

Ndiyo maana sindano ya heparini, inayozuia damu kuganda papo hapo, hutangulia, warfarini hufuata kwa dozi ndogo, na sindano haziachwi mpaka zipite angalau siku tano na INR (kipimo cha damu kinachopanda kadiri damu inavyochelewa kuganda) ikae 2 au zaidi kwa saa 24. Siku ya tatu INR ikishapanda, mgonjwa aliyechoka kuchomwa tumboni huniomba tuache. Namwelewa, na sindano ni ghali. Ila INR hiyo ya mapema inaonyesha zaidi kushuka kwa kigandishi namba 7. Namba 2 bado haijashuka vya kutosha.

Upungufu wa antitrombini, protini nyingine inayozuia damu kuganda, una shida yake: heparini hufanya kazi kupitia antitrombini hiyo, hivyo dozi ya kawaida huenda isitoshe.

Vipimo vya protini hizi siviamini wakati bonge la damu bado ni jipya au dawa zimeshaanza, maana bonge huweza kuzishusha zote, warfarini hushusha protini C, na heparini hushusha antitrombini. Nasubiri. Lakini swali moja siliahirishi: je, ana dada anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, homoni inayoongeza hatari ya damu kuganda? Naye ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa amerithi kasoro hiyo.