Je, wajua kwa nini Linux hung'ang'ania 1024 kwa 768 kwenye skrini kubwa?

Kompyuta ya mezani yenye mfumo endeshi wa Linux, kama Ubuntu, Debian au Linux Mint, imeunganishwa na skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, lakini ikishawaka maandishi yanaonekana yamevimba, duara limekuwa yai, na ukifungua mipangilio ya skrini kipimo kikubwa unachoruhusiwa kuchagua ni 1024 kwa 768. Mara nyingi lawama huangukia Linux yenyewe au kadi ya picha, ilhali chanzo cha kawaida zaidi ni waya.

Kompyuta haina namna ya kuipima skrini kwa macho. Ni skrini inayojitambulisha. Ndani yake mna kumbukumbu ndogo iliyohifadhi taarifa zinazoitwa EDID, ambazo shirika la viwango la VESA lilizitolea kanuni mwaka 1994. Sehemu yake ya msingi ina baiti 128 tu, nazo zinatosha kutaja mtengenezaji, ukubwa wa kioo kwa sentimita na vipimo vya picha ambavyo skrini inavimudu. Baiti ya mwisho ni ya ukaguzi: ukijumlisha zote 128, jumla lazima igawanyike kwa 256 bila baki, la sivyo taarifa huhesabiwa kuwa zimeharibika.

Kwenye plagi ya VGA yenye pini 15, taarifa hizo hupita katika pini ya 12 na ya 15, wakati rangi nyekundu, kijani na bluu zina pini zake. Ndiyo maana waya wa bei rahisi ambao pini ya 12 haikuunganishwa huleta picha safi kabisa huku kompyuta ikiwa haijui inazungumza na skrini gani. Vigeuzi vya kutoka HDMI kwenda VGA navyo huweza kuzuia taarifa hizo. Kiini cha Linux kikigundua kuwa kuna skrini lakini hakikupata EDID, hutoa orodha fupi ya vipimo vya tahadhari isiyozidi 1024 kwa 768, na kwa maoni yangu hufanya vyema, kwa kuwa kipimo kisichomudika kingeiacha skrini ikiwa nyeusi.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika amri yoyote, badilisha waya. Kisha angalia faili la "edid" lililomo katika folda ya skrini yako chini ya "/sys/class/drm", kwa mfano "card0-VGA-1". Ukilisoma kwa amri ya "wc -c" na jibu likawa 0, skrini haikujitambulisha. Likiwa 128 au 256, taarifa zimefika na tatizo litafutwe kwingine.

Kwingine huko, mshukiwa wa kwanza ni neno "nomodeset". Wapo wanaoliweka wakati wa kusakinisha mfumo ili kuvuka skrini nyeusi, kisha wakalisahau, nalo huizuia programu inayoendesha kadi ya picha isipange vipimo. Amri ya "cat /proc/cmdline" italifichua. Likiwapo, liondoe katika "/etc/default/grub", faili la mipangilio ya grub, yaani programu inayouwasha mfumo, kisha endesha "sudo update-grub" na uwashe kompyuta upya.

Ikiwa kosa ni la EDID na waya mwingine haupatikani, kipimo kinaweza kutajwa kwa mkono. Amri ya "cvt 1920 1080 60" hutoa mstari wa tarakimu unaoanza na 173.00, yaani pikseli milioni 173 kwa sekunde. Mtu anaweza kuuliza kwa nini isiwe milioni 124, ambazo ndizo zao la 1920 kwa 1080 kwa 60. Sababu ni kwamba kila mstari huhesabiwa kuwa na pikseli 2576 na kila picha mistari 1120, kwa kuwa skrini za kioo cha zamani zilihitaji muda wa kurudisha mwale uliochora picha mwanzoni mwa mstari. Tarakimu hizo hupewa amri ya kupanga skrini, "xrandr --newmode", kisha "--addmode", na mwishowe "--output" pamoja na "--mode".

Njia hiyo hufanya kazi chini ya Xorg tu, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye Linux; mwenzake mpya ni Wayland. Amri ya "echo $XDG_SESSION_TYPE" ikijibu "wayland", xrandr haitakusaidia, na hata kwenye Xorg mabadiliko hayo hufutika kompyuta ikizimwa. Njia inayodumu, na inayofaa pande zote mbili, ni kuongeza "video=VGA-1:1920x1080@60" ndani ya mstari wa "GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT" katika faili lile lile la grub, kwa kutumia jina la plagi kama lilivyoandikwa katika "/sys/class/drm", kisha kuendesha tena "sudo update-grub". Skrini ikionyesha ujumbe kwamba kipimo kiko nje ya uwezo wake, bonyeza herufi "e" kwenye menyu ya grub, futa maneno hayo kwa mwasho huo mmoja, kisha ujaribu kipimo kidogo zaidi, kama 1600 kwa 900.