Uwiano wa nauli na gharama: kwa nini treni ya mji wa watalii hubeba mamilioni na bado ikafilisika

Chukua pesa zote ambazo abiria wamelipa kama nauli kwa mwaka mmoja, uzigawanye kwa gharama ya kuendesha usafiri huo mwaka huohuo. Jibu utakalopata, ukiliweka kwa asilimia, ndilo uwiano wa nauli na gharama. Likiwa 100, nauli imelipa kila kitu: mafuta au umeme, mishahara, vipuri, bima, usafi wa vituo. Likiwa 40, basi katika kila shilingi 100 zilizotumika, abiria ametoa 40 na mtu mwingine ametoa 60. Huyo mwingine mara nyingi ni mlipa kodi, awe anaupanda usafiri huo au haupandi.

Sisi wa Kisumu na Nakuru tumekulia kwenye usafiri ambao uwiano wake sharti upite 100, maana hakuna wa kuufidia. Matatu ya Nakuru kwenda Njoro isipolipa mafuta, dereva, makanga, ada ya sacco, bima na hesabu ya mwenye gari, itaegeshwa na kuuzwa. Ndiyo maana imejifunza mbinu zake. Haiondoki stejini hadi ijae. Jioni watu wakitoka kazini nauli inapanda, mvua ikinyesha inapanda tena, halafu saa nane mchana inashuka mpaka mtu aliyekuwa ameamua kutembea anaona heri apande. Tunazilalamikia tabia hizi, na tuna haki, hasa mama mwenye mtoto mgongoni anapokalishwa nusu saa kwenye gari lililozimwa injini akingojea watu watatu. Lakini ndizo zinazohakikisha kwamba karibu kila kiti kinachosafiri kimelipiwa.

Treni, basi la ratiba na feri havina nafasi hiyo. Saa ikifika vinaondoka, viwe na watu 200 au 12. Dereva analipwa vilevile na reli inakaguliwa vilevile. Kwa hiyo swali la usafiri wa ratiba si kama unajaa siku ya sikukuu. Swali ni nani yumo ndani siku nyingine zote.

Uwiano ulio chini ya 100 si aibu. Katika miji mingi ya Marekani, hata kabla ya korona, nauli haikufika nusu ya gharama, na wakazi walikubali kuchangia kilichobaki kwa kodi kwa sababu wao wenyewe, watoto wao au wafanyakazi wao walitegemea mabasi hayo. Kuna miji michache inayokwenda kinyume. Hong Kong, ambako watu wamesongamana mno, nauli za treni za kampuni ya MTR zilikuwa zikizidi gharama ya kuziendesha, na juu ya hapo kampuni hiyo inapata pesa nyingi kutokana na nyumba na maduka yaliyojengwa juu ya vituo vyake. Ninachotaka kueleza hapa ni aina ya tatu, mji ambao barabara zake zimejaa watu usiku na mchana, pesa zinamwagika, na bado treni yake haijiwezi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni monoreli, yaani treni inayopita juu kwenye reli moja, ya Las Vegas, mji wa kasino na watalii huko Marekani. Ilifunguliwa Julai 2004. Ina urefu wa kilomita 6 na kitu, vituo saba, kuanzia hoteli ya MGM Grand hadi Sahara, ikipita upande wa mashariki wa barabara maarufu iitwayo Strip. Ilimilikiwa na shirika lisilogawa faida, ikajengwa kwa bondi, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, za takriban dola milioni 650, na ahadi kubwa ilikuwa kwamba haitamwomba mlipa kodi senti hata moja. Nauli ingeiendesha, na nauli hiyohiyo ingelipa deni.

Mambo yalianza kuharibika mapema. Miezi michache tu baada ya kufunguliwa, vipande vilianguka kutoka kwenye treni na huduma ikasimamishwa kuanzia Septemba hadi mwishoni mwa Desemba 2004. Abiria walivyorudi, hawakufikia idadi iliyotabiriwa wakati bondi zinauzwa. Miaka iliyofuata hawakufika hata nusu yake. Mwaka 2006 nauli ilipandishwa kutoka dola 3 hadi dola 5. Januari 2010 shirika likaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake, na lilipotoka huko 2012 sehemu kubwa kabisa ya deni ilikuwa imefutwa. Wenye bondi ndio walioumia. Kisha korona ikaja, wageni wakakatika Machi 2020, treni zikasimama, na Septemba mwaka huo shirika likafilisika mara ya pili. Njia nzima ikanunuliwa kwa takriban dola milioni 24 na mamlaka ya utalii na makongamano ya mji huo, ambayo pesa zake nyingi hutokana na kodi ya vyumba vya hoteli. Treni zilirudi Mei 2021.

Ukizitazama hizo tarakimu mbili, 650 na 24, unaweza kudhani treni zilikuwa zikizunguka tupu. Hazikuwa tupu. Zilibeba mamilioni ya watu kila mwaka, na kwa miaka mingi nauli zilitosha kulipia uendeshaji wa kila siku. Yaani uwiano wake ulikuwa mzuri kuliko wa mabasi mengi ya Marekani! Kilichoiangusha ni deni la ujenzi, ambalo halimo kabisa kwenye hesabu ya uwiano huu. Hapa ndipo wengi wanapopotea, wakiwemo wanasiasa wanaosimama mbele ya kamera kutangaza kwamba mradi fulani “unajilipa”. Unajilipa nini? Kulipa umeme na mishahara ni jambo moja. Kulipa mkopo uliojenga nguzo, vituo na mabehewa ni jambo lingine, na mara nyingi ni zito mara kadhaa. Usafiri unaweza kupata 100 kwenye jambo la kwanza na ukafia kwenye la pili.

Lakini hata tukiliweka deni kando, kuna sababu kwa nini abiria hawakufika, na sababu hizo zinatokana na kumtegemea mgeni.

Mgeni hatembei peke yake. Nauli ilipokuwa dola 5, wanne wakitoka hotelini, kwa monoreli walilipa dola 5 mara nne, zikawa 20. Kwa teksi walilipa bei moja ya gari na wakashushwa mlangoni. Sisi tunaifahamu hesabu hii vizuri: watu watatu wakitaka kwenda ufuo wa Dunga kutoka mjini Kisumu, wanachukua tuktuk moja na kugawana, hata kama mmoja wao angepata njia ya bei nafuu zaidi. Mfanyakazi wa kila siku yuko peke yake asubuhi na jioni, kwa hiyo tofauti ya bei inamuuma na anachagua kilicho nafuu. Kundi la wageni halioni tofauti hiyo.

Mgeni pia haijui njia. Monoreli ya Las Vegas iko nyuma ya hoteli, si mbele. Ili uifikie unapita ndani ya kasino, kati ya mashine za kamari, unatembea dakika kadhaa hadi uone ngazi. Mwenye hoteli ameridhika na mpango huo, maana kila hatua unayopiga ndani ya jengo lake ni nafasi ya wewe kutoa pesa mfukoni. Lakini mtu aliye barabarani hata haioni treni. Hoteli kubwa za upande wa pili, kama Bellagio na Caesars Palace, hazina kituo. Na kubwa kuliko yote, treni haifiki uwanja wa ndege, ambao uko kilomita chache tu kutoka kituo chake cha mwisho cha kusini. Wenye teksi hawakutaka ifike huko. Safari moja ambayo karibu kila mgeni wa ndege lazima aifanye, ya kutoka uwanjani kwenda hotelini akiwa na mizigo, ikabaki mikononi mwa wengine.

Halafu kuna suala la siku. Kila Januari mji huo hupokea maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki, yanayoleta watu zaidi ya laki moja, na kituo kimojawapo cha monoreli kiko kwenye ukumbi wenyewe. Siku hizo mabehewa hufurika. Wiki mbili baadaye mabehewa ni yaleyale, mafundi ni walewale, abiria hawapo. Mji wa kawaida unajaza treni mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, mwaka mzima, kwa watu walewale wanaonunua tiketi ya mwezi.

Na mgeni hapigi kura. Hili ndilo naliona zito kuliko yote. Basi la mtaani likikosa pesa, wakazi wanapiga kelele na mwakilishi wao anasikia. Treni ya wageni ikikosa pesa, mwenye kuikosa yuko kwao tayari, mbali na mji huo. Mkazi wa Las Vegas anayeishi mbali na Strip, ingawa aliwekewa nauli ya dola 1, hana sababu ya kutetea treni isiyopita kwao.

Hata mabasi ya mji huo yanaonja hali hii. Mabasi ya Strip, ya ghorofa mbili, yalikuwa yakiingiza pesa nyingi kutoka kwa watalii, na ziada yake ikasaidia njia za mitaa ya wafanyakazi. Uber na Lyft, teksi zinazoitwa kwa simu, ziliporuhusiwa huko 2015, watalii wakahamia kwenye simu zao, na waliopata pigo ni wapishi na wafagizi wanaongoja basi mtaani kwao. Ukiulisha usafiri wa mwenyeji kwa pesa ya mgeni, siku mgeni akibadilisha mawazo mwenyeji ndiye anayebaki kituoni.

Turudi kwetu. Treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ya Nairobi hadi Mombasa, mji wetu mkuu wa watalii, ilianza kubeba abiria 2017. Krismasi na Pasaka tiketi hazipatikani, na picha za foleni zinatufanya tuamini biashara ni nzuri. Hata hivyo kwa miaka mingi mapato ya reli hiyo, abiria na mizigo pamoja, yalikuwa chini ya gharama za kuiendesha, sembuse mkopo kutoka Uchina. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kwa safari nzima ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Pengo linazibwa na Hazina ya Taifa na ushuru wa maendeleo ya reli unaotozwa bidhaa zinazoingia nchini tangu 2013. Kwa hiyo mwalimu wa Kakamega ambaye hajawahi kuiona Mombasa anaichangia kila anaponunua kitu kilichotoka ng'ambo. Sisemi ni kosa kumchangisha. Ni haki yake kuambiwa.

Treni ya Nairobi hadi Kisumu iliporejeshwa Desemba 2021 ilikuwa ya wikendi: kuja Ijumaa usiku, kurudi Jumapili. Ratiba hiyo inakuambia inamtegemea nani. Inafaa wanaokuja nyumbani na wanaokuja kutembea, na ni busara kutoendesha Jumanne mabehewa ambayo hayana mtu. Ila siku zile nyingine reli na stesheni haziachi kudai matengenezo.

Mei 2022 Kisumu ilipokea mkutano wa Africities. Vyumba vilijaa hadi wageni wakalala miji ya jirani, barabara zikawekwa lami, na kila mtu akaanza kuzungumzia usafiri wa kisasa wa mji. Naivasha nayo, tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia ya magari 2021, hufurika siku nne kila mwaka. Mpango wowote wa usafiri unaopigiwa hesabu kwa siku kama hizo utakuwa na abiria wa makaratasi. Kaunti ikileta mpango, tuulize abiria wangapi watapanda Jumanne ya Februari, tuulize kama “unajilipa” ni pamoja na mkopo, na tuulize upungufu utatoka mfuko gani. Hoteli zetu tayari hutozwa asilimia 2 kwa ajili ya Mfuko wa Utalii. Kama hoteli ndizo zitakazofaidika na njia ya wageni, mchango wao uwekwe mezani tangu mwanzo, si baada ya kufilisika.

Mimi ningependa sana Kisumu iwe na basi la ratiba la kwenda Dunga. Lakini lisiwe basi la watalii. Lipite Nyalenda, walipo watu wanaokwenda kazini kila asubuhi, liwe na nafasi ya beseni na karai za akina mama wanaotoa samaki ufuoni kupeleka sokoni, na nauli iwe ya watu hao. Mtalii anayetaka kuona machweo ya ziwa atapanda humohumo, na nauli yake itakuwa nyongeza juu ya hesabu ambayo tayari inasimama bila yeye.