Mtoto wa Mjini Akifika São Paulo

Wiki hii nimeisikia tena, mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Mgeni ameshuka uwanja wa ndege wa Guarulhos, hata kahawa hajamaliza, namweleza habari ya simu, yeye anacheka. "Kaka, mimi nimekulia Kariakoo. Vibaka nimecheza nao makida." Siku mbili baadaye nimekaa naye kituo cha polisi, namtafsiria maelezo ya wizi.

Kazi yangu hapa ni ukalimani na kuwatembeza wageni. Sisi wa Afrika Mashariki si wengi kama Waangola, ambao utawakuta mtaa wa Brás wamebeba viroba vya nguo za jumla, lakini kila anayefika huniletea imani zilezile, kana kwamba wamegawiwa ndani ya ndege. Nimeamua kuziandika mara moja, ili siku nyingine nimtumie mtu maandishi nami ninywe kahawa yangu kwa amani.

"Wezi nawajua, mimi mtoto wa mjini"

Unawajua wa kwenu. Kibaka uliyemzoea anawinda mfuko wako: anakubana kwenye msongamano, mwenzake anachomoa, jioni simu iko mezani kwa fundi. Ujanja wako wote umejengwa juu ya mtu huyo. Pochi mfuko wa mbele, begi kifuani, na ikibidi unapiga ukelele wa "mwizi!" na mtaa mzima unamshukia.

Wa São Paulo hana haja na simu iliyo mfukoni. Anaitaka iliyo mkononi, kioo kinawaka. Hapa ndipo wageni wangu wananisikiliza kwa sikio moja. Simu iliyofungwa ataiuza kama spea. Iliyo wazi inamfikia mwenzake ndani ya dakika chache, na huyo mwenzake hana muda wa kutazama picha za harusi yako. Anafungua barua pepe, anaomba kubadilisha nywila ya benki, namba ya uthibitisho inaingia kwenye simu hiyohiyo, na kabla hujafika hotelini akaunti imekauka.

Wenyeji wameumia hivyo sana. Wana mfumo unaoitwa Pix, ambao Benki Kuu yao iliuanzisha Novemba 2020. Pesa inatoka akaunti hii kwenda ile kwa sekunde, usiku na mchana. Watu wakaanza kutekwa usiku na kulazimishwa kutuma, hata Oktoba 2021 Benki Kuu ikaweka kikomo cha reali 1,000 kwa malipo ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Wewe mgeni huna Pix, sawa. Lakini una M-Pesa, una programu ya benki, una barua pepe inayofungua kila kitu kingine.

Nikuonyeshe inavyokuwa. Ni Jumanne, saa 8 mchana, Avenida Paulista. Jua linawaka, watu wa ofisini wanarudi kutoka kula. Mgeni amesimama ukingoni kabisa mwa njia ya miguu, anapiga picha jumba la makumbusho la MASP lililonyanyuliwa juu ya nguzo nyekundu. Nyuma yake, upande wa lami, inakuja baiskeli. Kijana ana begi la mraba mgongoni, lilelile la wapeleka chakula mia moja waliopita asubuhi hiyo. Hapunguzi mwendo. Mkono mmoja tu, na mgeni anabaki ameshika hewa, vidole bado vimekunjwa kama vilivyokuwa. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale na nilichokiona ni mgongo wa kijana.

"Basi ningepiga kelele." Usipige. Usimkimbize pia. Hapa mwizi anaweza kuwa na bastola, na nyuma yake anaweza kuwapo mwenzake wa pikipiki ambaye wewe hujamwona. Watu hawatakuja kukusaidia kumpiga; watajibanza ukutani, nao wana akili zao. Sheria ya Brazil ina jina lake kabisa kwa unyang'anyi unaoishia kwa kifo, *latrocínio*, na sitaki kulitafsiri kituoni kwa ajili ya mtu niliyempokea mimi. Ukionyeshwa silaha, toa. Mikono ionekane, usimkazie macho, na usiingize mkono mfukoni bila kusema unatoa nini.

Sasa fanya wanavyofanya wenyeji. Mpaulista akitaka kusoma ujumbe huingia duka la dawa, na maduka ya dawa yamejaa kila kona. Ingia, mgongo ukutani, tazama ramani, shika kichwani kona mbili za mbele, rudisha simu mfukoni ndipo utoke. Gari la Uber au la 99, programu nyingine ya teksi, lisubiri ukiwa ndani ya mlango. Ukiwa garini, vioo juu na simu mapajani, kwa sababu yapo magenge yanayovunja vioo kwenye taa nyekundu kwa ajili ya simu iliyopachikwa mbele ya dereva.

Wabrazil wana kitu wanachokiita *celular do ladrão*, simu ya mwizi: chakavu moja ya kutembea nayo, nzuri inabaki nyumbani. Yako inunue hukohuko Kariakoo kabla ya kupanda ndege, maana hapa kodi imezifanya simu kuwa ghali kupita kiasi. Ile yenye benki ifungie hotelini.

Na ushauri wangu nikifa wauandike kaburini: weka PIN kwenye laini. Sisemi PIN ya simu, nasema ya laini yenyewe. Mwizi akikuta simu imefungwa huchomoa laini, huipachika kwenye simu nyingine, kisha husubiri namba za uthibitisho za benki ziingie. Laini yenye PIN inamgomea. Iko kwenye mipangilio ya usalama, ni kazi ya dakika mbili, ila kwanza ujue PIN ya awali ya mtandao wako, kwa kuwa ukikosea mara tatu itadai PUK, namba ya kufungulia laini. Katika wageni wote niliowaambia, waliofanya nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Bonyeza pia *#06#, uandike kwenye karatasi namba ya IMEI, kitambulisho cha simu yenyewe. Polisi wataiuliza, bima wataiuliza.

"Nisipokanyaga favela niko salama"

Hukusoma hapo juu? Paulista si favela, yaani mtaa wa mabanda. Pinheiros, wanakokula wenye pesa, si favela. Mkwapuzi anafuata simu nzuri ziliko. Tena favela si pango la majambazi. Paraisópolis na Heliópolis ni mitaa ya makumi ya maelfu ya watu wanaoamka alfajiri kwenda kazini kama wa Manzese au Kibera. Usiende kuzurura huko bila mwenyeji, basi, yameisha. Mahali ambapo mgeni hujikuta bila kujua ni pembezoni mwa stesheni ya Luz. Jumba la sanaa la Pinacoteca lipo hapo na linafaa kuonwa, lakini eneo hilo kwa miaka mingi limekuwa jirani na Cracolândia, masoko ya wazi ya dawa za kulevya yanayohamahama kila polisi wanapoyafukuza. Nenda mchana, toka kwa metro.

"Mimi ni mweusi, nitaonekana mwenyeji"

Nusu ni kweli. Kwa sensa ya 2022 zaidi ya nusu ya Wabrazil walijitambulisha kuwa weusi au chotara, kwa hiyo mtaani hakuna atakayekugeukia mpaka ufungue mdomo. Nusu ya pili ndiyo wageni wangu hawapendi kuisikia: utaonekana mwenyeji hata kwa polisi, na kijana mweusi wa hapa husimamishwa na kupekuliwa mara nyingi kuliko jirani yake mweupe. Mlinzi wa duka naye anaweza kukufuata rafu hadi rafu. Nimefuatwa mimi, nikiwa na shati la pasi, nikinunua dawa ya meno.

Ukisikia *mão na cabeça*, ni mikono kichwani. Iweke. Usichomoe pasi ya kusafiria kwa haraka ili kuthibitisha u mgeni. Sema kwanza *sou estrangeiro*, yaani mimi ni mgeni, mwanamke aseme *estrangeira*, subiri uambiwe. Tembea na nakala ya pasi, yenyewe ibaki hotelini.

Na tafadhali, *Polícia Militar* si jeshi. Kuna mama mmoja aliyaona maandishi hayo kwenye gari akaniuliza kwa kunong'ona kama kuna mapinduzi. Ni polisi wa doria wa jimbo, namba yao ni 190. Gari la wagonjwa ni 192. Taarifa ya wizi, *boletim de ocorrência*, huchukuliwa na polisi wengine, *Polícia Civil*.

"Nimebeba chandarua, malaria hainipati"

Ndani ya São Paulo malaria si tatizo lako. Karibu yote ya nchi hii iko Amazoni. Mbu wa hapa ni Aedes, yuleyule aliyeleta kidingapopo Dar mwaka 2014 na 2019, anayeuma mchana ukiwa mgahawani. Mwaka 2024 Brazil iliandikisha zaidi ya wagonjwa milioni 6 waliodhaniwa kuwa na kidingapopo. Dawa ya kupaka, kwenye vifundo vya miguu hasa. Homa ikikupata usijitibu kwa aspirini.

Kadi ya homa ya manjano ni habari nyingine. Unaihitaji kwa ajili yako, maana virusi vilifika hadi misitu ya pembezoni mwa jiji, na Oktoba 2017 bustani ya Horto Florestal ilifungwa baada ya nyani aliyekufa kukutwa navyo. Unaihitaji pia kurudi nyumbani, kwa sababu Tanzania huidai kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, na Brazil ni mojawapo. Chanja angalau siku 10 kabla. Kama ulichanjwa zamani, kadi yako haijaisha. Tangu Julai 2016 ni ya maisha. Usikubali mtu akuuzie chanjo ya pili kwa sababu ya tarehe.

Mengine nayamaliza kwa pamoja. Hawazungumzi Kihispania, ni Kireno, na kumshukuru mtu kwa *gracias* ni kumwambia hukujali hata kuuliza. Si joto mwaka mzima: jiji liko kama mita 760 juu ya bahari, na Julai usiku utatafuta sweta kama uko Lushoto. Dola hazipokelewi dukani. Kadi ya benki inapita hata kwa muuza mahindi, ila soma kiasi kwenye mashine kabla ya kuweka PIN, na mashine yenye kioo kilichopasuka ikatae. Umeme hapa ni volti 127. Chaja ya simu itafanya kazi, pasi ya nguo uliyotoka nayo nyumbani itapata uvuguvugu tu. Karani wa duka atakuuliza *CPF?* Ni namba ya mlipakodi. Sema *não tenho*, sina, maisha yaendelee.

"Begi langu nililifunga mwenyewe, sina wasiwasi"

Hili nawaambia siku ya kuondoka, wakati hawasikilizi tena. Machi 2023 wanawake wawili Wabrazil waliokuwa wakienda kutalii walikamatwa Frankfurt. Lebo za mabegi yao zilikuwa zimetolewa nyuma ya pazia pale Guarulhos na kubandikwa kwenye mabegi mengine, yenye kilo 40 za kokeini. Walikaa jela ya Ujerumani zaidi ya mwezi mmoja, mpaka picha za kamera zilipowasafisha. Kufunga begi mwenyewe hakukuwasaidia kitu.

Kwa hiyo: mzigo wa mtu usibebe, hata bahasha, hata ya mchungaji. Lako lifunge kwa kitambaa chenye rangi isiyosahaulika. Mezani kwa shirika la ndege, begi likiwa juu ya mizani, piga picha moja inayoonyesha begi lote, lebo iliyobandikwa na uzito kwenye kioo. Stakabadhi ya begi utakayopewa, ipige picha nayo. Kisha zitume nyumbani hapohapo, kabla hujasogea. Habari za simu tumeshazizungumza.