Kumfundisha opereta wa kijiko kunakula pesa wapi hasa

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mkurugenzi mmoja mwenye machimbo ya kokoto. Salamu fupi, kisha: "Mwalimu, kozi ya opereta ni shilingi ngapi kwa kichwa? Nina vijana wanne." Nikamuuliza kijiko chake, yaani ekskaveta ya kuchimbia, kinapiga kazi saa ngapi kwa siku. Akanyamaza kidogo. "Sasa kijiko changu kinaingiaje hapo?"

Kinaingia mwanzo mpaka mwisho. Nimefundisha maopereta miaka kumi na moja sasa, na kabla ya hapo nilikaa kitini miaka tisa. Karibu kila kampuni huanza na hilo swali la ada, kwa sababu ada ina risiti. Gharama nyingine hazina risiti, zinajificha kwenye dizeli, kwenye spea na kwenye siku ambazo mtambo haukuingiza kitu.

Tuchukue kijiko cha tani 20, maana ndicho kilichojaa kwenye machimbo yetu. Kijana aliyekuwa utingo wa tipa, anayejua harufu ya mtambo lakini hajawahi kushika levu, zile fimbo za kuuongozea, namhesabia saa 40 za kitini kabla sijamwachia afanye kazi peke yake huku nikimtazama kwa mbali. Wanne ni saa 160. Mwanafunzi hachimbi kwa nguvu, kwa hiyo weka lita 12 kwa saa: lita 1,920. Ninahesabu kwa lita makusudi, kwani bei ya dizeli inabadilika kila mwezi na ukichukua bei ya leo hesabu yangu itakuwa imechacha kabla hujamaliza kuisoma.

Saa 160 kwa zamu ya saa nane ni siku 20 za mtambo. Ikiwa unaukodisha kwa laki nane kwa siku, hizo ni milioni 16 ambazo hazikuingia. Tuseme ada ni laki sita kwa kijana: wote wanne ni milioni mbili na laki nne. Umeona? Mkurugenzi anabishana na mimi nipunguze elfu hamsini kwenye hizo mbili na laki nne, na zile kumi na sita hazijamgusa hata akili.

Ila hizo 16 ndizo zinazopungua ukipanga vizuri, na hapo ndipo mwalimu anapoonyesha thamani yake. Siku mbili za kwanza injini haiwashwi kabisa. Tunazunguka mtambo: oili, maji, mipira ya haidroliki, pini zinazotaka grisi, bolti za cheni ambazo mtambo hutembelea. Akishafikisha kama saa 15 za kitini, kijana anaweza kufanya kazi inayolipa: kurundika udongo wa juu, kusafisha mtaro, kusawazisha njia ya tipa. Anaifanya polepole, lakini ni kazi ambayo ungeilipia. Nikipewa kampuni yenye foromani msikivu, nusu ya zile saa zinarudi.

Sasa weka upande wa pili wa mizani opereta ambaye hakufundishwa. Akisubiri tipa anaacha injini inaunguruma. Akienda kunywa chai, inaunguruma. Kijiko cha ukubwa huu kikiunguruma bila kazi kinakunywa kama lita nne kwa saa. Saa tatu kwa siku, siku 25 kwa mwezi, miezi 12: lita 3,600. Mtu mmoja, mwaka mmoja, na hajachimba hata koleo moja. Karibu mara mbili ya dizeli ya kuwafundisha wanne.

Halafu kuna mzunguko. Huwa nasimama na saa mkononi pembeni ya mtu anayejiita mzoefu. Kajaza bakuli la kuchotea, kageuka nusu duara nzima kwa sababu tipa limeegeshwa mgongoni kwake, kamwaga, karudi: sekunde 30. Namwambia apande juu ya kibenchi cha udongo, tipa liingie chini yake kwa ubavu, asigeuke zaidi ya robo duara. Sekunde 18. Tipa la bakuli 15 linajaa kwa dakika nne na nusu badala ya saba na nusu. Kwa safari 60 za siku, umeokoa saa tatu. Mkono wa huyo mtu haujaongezewa kasi hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali alipoweka mtambo.

Cheni nazo. Mtambo wa cheni, karibu nusu ya gharama za matengenezo huishia huko chini, kwenye cheni, rola zinazoibeba na sproketi, gurudumu la meno linaloivuta, ambalo kwa kawaida huwa nyuma. Opereta anayegeukia mahali pamoja juu ya mawe, au anayetembeza kijiko mita 400 kila asubuhi kufuata tanki la mafuta, anaimaliza hiyo nusu haraka. Bauza, lile gari la mafuta, ndilo liufuate mtambo. Hili sihitaji kulifundisha kwa opereta, nalifundisha kwa meneja.

Nilisema gharama zinajificha. Moja niliifichua mwenyewe, kwa aibu, huko Lugoba, Pwani. Kampuni iliomba kozi ya siku kumi iwe sita, nami nikakubali kwa kuwa nilihitaji kazi. Nikakata siku ya uwanjani, ile ya kutembea tu bila kuchimba. Siku ya nne kijana alikuwa amegeuza kabini, amekaa akitazama upande wa sproketi. Kijiko kikiwa hivyo, pedali za kutembelea zinafanya kazi kinyume: ukisukuma mbele, wewe unarudi nyuma. Mimi miguu yangu inajua hilo bila kuniuliza, ndiyo maana sikumwambia. Foromani akampa ishara asogee mbele. Akasukuma. Mtambo ukarudi nyuma, taratibu kabisa, ukapanda juu ya simtanki la lita 5,000, na kompresa iliyokuwa nyuma yake. Simtanki halikupasuka kwa kishindo. Lilitoa sauti kama mtu anayekunja karatasi kubwa, kisha maji yakatufikia viatuni.

Hakuna aliyeumia. Ila kompresa ile ilizidi bei ya zile siku nne zilizokatwa, na kijana hakutaka kupanda tena mpaka wiki iliyofuata. Tangu hapo, somo langu la kwanza kabla ya ufunguo ni: sproketi ziko wapi? Namuuliza mwanafunzi kila anapopanda, hadi anachoka na mimi.

Kuna pesa nyingine ambayo wakurugenzi wengi wanailipa bila kuihesabu kama mafunzo. Mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, asilimia 3.5 ya mishahara ghafi tangu Julai 2023, na haitolewi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Kampuni ya watu 60 wenye wastani wa laki saba inatoa 1,470,000 kila mwezi, zaidi ya milioni 17 kwa mwaka. Sehemu ya fedha hizo ndiyo inayoiendesha VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Kwa hiyo ulizia. Wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa watu waliojifunzia kazini, na mzee wako aliyeendesha greda miaka kumi bila cheti hahitaji kuanza darasa la kwanza. Apimwe, azibiwe mapengo, apewe karatasi yake.

Swali linalofuata siku zote ni lile la uchungu: "Nikimfundisha, ataondoka." Ataondoka, ndiyo. Mradi mkubwa wa reli ukija na mshahara mara mbili, hata mimi ningeondoka. Wengine wanataka mkataba wa miaka mitatu na kumkata kijana mshahara mpaka deni la mafunzo liishe. Makato ya namna hiyo yanadai ridhaa yake ya maandishi kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, tena opereta aliyefungwa kwa nguvu anaendesha kama aliyefungwa kwa nguvu. Mimi hushauri mwaka mmoja, deni lipungue kila mwezi, na mshahara upande siku ile ile anapofaulu. Kampuni nyingi zinakubali mwaka mmoja na kusahau mshahara.

Mkurugenzi wa kokoto alinipigia tena juzi. Amekubali zile siku 20, na kijiko atatoa kile cha zamani, kisichokodishwa sana. Nikauliza kina hali gani. "Kizima kabisa, Mwalimu. Ni vioo tu hakina, na honi ya kurudi nyuma haipigi."

Nimemwambia tuanze Jumatatu baada ya fundi kuweka vioo na kutengeneza honi.