Unaposubiri Jibu la Baridi Yabisi: Maswali Ninayoulizwa na Kosa Ninaloliona Kila Kliniki

Kati ya siku kiungo kinapoanza kuvimba na siku daktari bingwa anapoutaja ugonjwa kwa jina, hupita wiki kadhaa, na mara nyingi hupita miezi. Katika muda huo mgonjwa ana maumivu ya kweli, hana jina la kuyaita, na kila anayekutana naye ana dawa ya kumpa. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi na watu wazima walio katika hali hiyo. Katika jambo moja nitakuwa mkali, na msomaji atalitambua mapema.

Baridi yabisi ni ugonjwa gani hasa?

Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, iliyopaswa kupambana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando laini uliofunika kiungo kwa ndani. Utando huo huvimba, hukijaza kiungo majimaji, na usipodhibitiwa hula gegedu, ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa, na hatimaye mfupa wenyewe. Huwapata wanawake mara 2 hadi 3 zaidi kuliko wanaume. Jina lake limewaponza wengi: kwa kuwa limebeba neno baridi, watu huamini kwamba ugonjwa umeletwa na maji ya kuoga au sakafu waliyolalia, wakanunua soksi nzito badala ya kwenda kupimwa. Baridi inaweza kuzidisha maumivu, lakini haiuanzishi ugonjwa huu, wala joto haliuponyi.

Nitajuaje kwamba si uchovu tu, au umri?

Chunguza asubuhi yako. Kiungo kilichochakaa kwa umri huuma zaidi kinapotumika, na kikikakamaa baada ya kulala hulegea ndani ya nusu saa. Kiungo chenye baridi yabisi hukakamaa kwa sababu kimepumzika, na huweza kuchukua saa nzima au zaidi kabla ya kukubali kukunjika. Mara nyingi ugonjwa huanzia kwenye viungo vidogo vya vidole vya mikono na miguu, pande zote mbili, na uvimbe wake ukibonyezwa huwa laini, si mgumu kama mfupa. Mtu anayeniambia kwamba saa 12 asubuhi hawezi kufunga vifungo vya shati lake, na saa 4 anavifunga bila shida, amenisaidia kuliko yule anayesema kwamba mwili wote unauma. Vivyo hivyo kwa yule aliyeanza kukwepa kusalimiana kwa mkono, kwa kuwa akibanwa vidole machozi humtoka.

Mwongozo wa EULAR, yaani umoja wa Ulaya wa wataalamu wa magonjwa ya viungo, unataka mtu mwenye viungo vilivyovimba aonwe na bingwa ndani ya wiki 6 tangu dalili zianze, na yule ambaye ugonjwa wake unaelekea kudumu aanzishiwe dawa za kuuzuia ndani ya miezi 3. Nazitaja tarakimu hizo kwa sababu wapo wanaofika mwezi wa 8 tangu dalili zianze, wakiwa na vidole vilivyoanza kupinda, na kueleza kwa utulivu kwamba walikuwa wanaangalia kwanza. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi.

Ndugu yangu ana vidonge vya prednisoloni vilivyobaki. Naweza kuvimeza mpaka siku ya kliniki?

Hapana.

Naijua hoja inayofuata, kwamba vidonge hivyo vinafanya kazi, nami siwezi kuipinga, kwa sababu vinafanya kazi kweli. Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walimpa kotizoni mwanamke aliyekuwa amelemazwa na ugonjwa huu, na baada ya siku chache aliweza kutembea. Mwaka 1950 Hench alishiriki Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Kisha madhara yakaanza kuonekana: mifupa kuwa myepesi, sukari kupanda, nyuso kuvimba, maambukizi kujificha. Prednisoloni ni ya jamii hiyohiyo ya steroidi, yaani dawa zinazofanana na homoni ambayo mwili hujitengenezea, na madhara yake ni hayohayo.

Kwa mtu anayesubiri uchunguzi kuna hasara nyingine inayotangulia zote hizo. Hebu fikiria mama anayeingia chumbani baada ya kuingoja tarehe yake kwa miezi mitatu. Mikono ameinyoosha juu ya meza, vidole ni vyembamba, haviumi hata nikivibana. "Daktari, leo sina uvimbe kabisa," anasema, kama anayeomba radhi. Uso wake ni wa mviringo kuliko ulivyo kwenye picha ya kitambulisho. Namuuliza, "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?" Ananijibu hapana, kisha anafungua mkoba na kutoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, ndani yake mna vidonge vyeupe visivyo na jina. Steroidi imeuzima uvimbe niliopaswa kuushika kwa vidole vyangu, imevishusha vipimo vya damu vya ESR na CRP vinavyoonyesha kiasi cha mcharuko, yaani uvimbe na joto la ugonjwa, mwilini, na hata kipimo cha mawimbi ya sauti cha viungo kinaweza kuonyesha picha iliyopoa. Ugonjwa haujaondoka, ila ushahidi wake umefutwa, na mama huyo itabidi asubiri tena.

Na siku ambayo siwezi hata kuinuka kitandani? Kimoja tu?

Hapana. Siku hiyo wasiliana na kituo kilichokupa rufaa, au nenda ukaonwe, ueleze kwamba hali imezidi na kwamba huwezi kuingoja tarehe uliyopangiwa. Huenda daktari mwenyewe akakuandikia steroidi kwa muda mfupi, lakini atakuwa ameviona viungo vyako, amechukua damu yako, ameondoa shaka ya maambukizi, amekuuliza habari za sukari na kifua kikuu, na ameandika kiasi na siku ya kumaliza. Ni dawa ileile, lakini aliyemeza kwa utaratibu huo na aliyekopa kidonge hawakufanya jambo moja.

Sindano ya kutuliza maumivu haraka, ile ambayo anayeichoma hakutajii jina lake, mara nyingi ni deksamethasoni, steroidi nyingine, na jibu langu kwayo ni hilohilo. Vidonge vya viungo vinavyouzwa kama vya asili tupu navyo vitiliwe shaka vikikuponya kwa usiku mmoja. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu bidhaa za aina hiyo ambazo ndani yake kulikutwa deksamethasoni na diklofenaki, ambayo ni dawa ya maumivu, wakati lebo haikutaja hata moja. Mti haufanyi kazi kwa kasi hiyo.

Nimekwisha kuvimeza kwa mwezi mmoja. Niache leo?

Hapana, na safari hii kwa sababu iliyo kinyume. Mwili unaopokea steroidi kila siku kwa takriban wiki 3 au zaidi huanza kusahau kutengeneza ya kwake katika tezi zilizo juu ya figo. Ukiacha ghafla unaweza kulegea, kutapika, kupata kizunguzungu na shinikizo la damu kushuka hadi kuzimia, na hali hiyo huua. Nenda ukaonwe mara moja, kabla vidonge havijakwisha, useme ukweli kuhusu kiasi na muda, upangiwe namna ya kupunguza kidogo kidogo. Hakuna atakayekugombeza. Tutakasirika kidogo, lakini hatutakugombeza.

Basi nitumie nini kutuliza maumivu?

Parasetamoli ndiyo salama zaidi kuanza nayo, ingawa peke yake huenda isitoshe. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana anapaswa kupangiwa kiasi kidogo zaidi. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake.

Kundi la pili ni la ibuprofeni, diklofenaki, naproksini na meloksikamu, ambazo hupunguza maumivu pamoja na uvimbe bila kuzuia uharibifu wa kiungo. Hizi ni ndugu wa tumbo moja. Hutumika moja tu kwa wakati mmoja, kwa kiasi kidogo kinachosaidia na kwa siku chache iwezekanavyo, pamoja na chakula. Mtu anayemeza diklofenaki asubuhi, ibuprofeni mchana na kupaka dawa ya kuchua yenye diklofenaki usiku hajabadilisha dawa, bali amerundika dawa moja juu ya nyingine, na tumbo na figo ndizo zitakazolipa. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ugonjwa wa moyo au shinikizo la juu la damu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mjamzito, asiziguse kabla ya kuuliza. Aliyewahi kupata shida ya tumbo anaweza kuandikiwa omeprazoli ya kulinda tumbo.

Mwenzangu mwenye ugonjwa huu anatumia methotreksati. Anigawie?

Hapana, hata kwa mzaha. Methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, baada ya kupima damu, ini na figo, na huharibu mimba. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kwa makosa. Tena haitulizi maumivu ya leo, kwa sababu huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake.

Nikikande kiungo, au nikipumzishe kabisa?

Kiungo kilichovimba na chenye joto hakikandwi kwa nguvu, hakivutwi, wala hakialishwi kwa kulazimishwa kitoe mlio ili "kirudi mahali pake", kwani hakijatoka mahali pake. Kifungie barafu ndani ya kitambaa, kwa dakika 10 hadi 15, kisha ondoa. Kwa kukakamaa kwa asubuhi bila uvimbe mkali, maji ya uvuguvugu ndiyo bora: tumbukiza mikono, fungua na kufunga ngumi polepole ndani ya maji hayo, na utaona vidole vinaachia kimoja kimoja. Maji yawe ya uvuguvugu, si ya moto wa kubabua. Nimeona ngozi zilizoungua juu ya viungo vilivyokuwa vinauma tayari.

Kupumzika kabisa kwa wiki nzima hukausha misuli, na kiungo kisichoshikiliwa na misuli huuma zaidi. Kila kiungo kikunjwe na kunyooshwa taratibu mara kadhaa kwa siku, hadi pale kinapofika bila kulazimishwa. Beba mzigo kwa mikono miwili au kwa kiwiko badala ya kuuning'iniza kwenye vidole. Usilale usiku kucha ukiwa na mto chini ya goti. Unastarehesha, lakini goti huzoea kukunjika na baadaye hukataa kunyooka. Kishikizo cha kifundo cha mkono, kikivaliwa wakati wa kazi au usiku, huwasaidia wengi. Na anayevuta sigara ajue kwamba sigara huchangia kuuanzisha ugonjwa huu na kuufanya uwe mkali zaidi.

Kipimo cha RF kimetoka hasi. Je, sina ugonjwa?

Huenda unao. RF ni kipimo cha damu cha kingamwili zinazoambatana na ugonjwa huu, lakini wagonjwa wasiopungua mmoja kati ya watano wa baridi yabisi wana RF hasi, na wapo watu wenye RF chanya wasio na ugonjwa huu. Kipimo kingine cha damu cha kingamwili, anti-CCP, husaidia zaidi, lakini bado bingwa huamua kwa kuunganisha viungo, damu, picha na muda wa dalili.

Ni wakati gani nisisubiri hata kesho?

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, nawe una homa au huwezi kukisogeza, hiyo inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, ambao hukiharibu kwa siku chache na huweza kuingia kwenye damu. Nenda leo. Nenda leo pia ukipata choo cheusi kama lami au ukitapika damu baada ya dawa za maumivu, jicho likiwa jekundu lenye maumivu makali, pumzi ikikatika, au miguu ikifa ganzi na mkojo ukikushinda kuuzuia. Aliyekuwa akimeza steroidi asingoje homa ipande, kwa sababu dawa hiyo huificha.

Tarehe ya kliniki imefika na leo sijisikii vibaya. Niahirishe?

Usiahirishe. Uvimbe wa ugonjwa huu hupanda na kushuka, na nafasi uliyoiacha itakugharimu miezi mingine. Kuanzia leo piga picha za mikono na miguu yako kwa simu siku inapovimba, kwenye mwanga mzuri, na uandike saa uliyoamka na saa vidole vilipokubali kufungika. Siku ya kliniki njoo na picha hizo, majibu ya vipimo vyote vya nyuma, na dawa zote ulizozimeza tangu maumivu yalipoanza, zikiwa ndani ya pakiti zake. Zile zisizo na pakiti, zilizobaki ndani ya kikaratasi kilichokunjwa, zilete pamoja na kikaratasi chake.