Norway: Kodi Ndiyo Iliyouza Magari ya Umeme

Kila tunapotoa elimu ya nishati kwa wananchi, Norway haikosi kutajwa, na swali huwa lile lile: serikali yao inampa mtu shilingi ngapi anunue gari la umeme? Wengi hushangaa wakiambiwa haimpi pesa mkononi. Ilichofanya ni kulibana gari la petroli kwa kodi na kuliacha la umeme lipite.

Chukua magari mawili ambayo kabla ya kodi kila moja ni kroni 300,000 (kroni ni fedha ya Norway). La petroli linaongezewa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 25, yaani kroni 75,000, kisha inakuja kodi ya usajili inayopimwa kwa uzito wa gari na moshi linaotoa. Kwa miaka mingi la umeme liliuzwa kwa kroni 300,000 zile zile. Hata asiyejali habari za tabianchi alijua achukue lipi.

Misamaha hii haikuja kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1989 wanamuziki wawili wa kundi la a-ha, Morten Harket na Magne Furuholmen, wakishirikiana na Frederic Hauge wa shirika la mazingira la Bellona, waliingiza nchini Fiat Panda iliyogeuzwa kutumia umeme. Ili kushinikiza magari ya aina hiyo yasamehewe, wakawa wanapita vituo vya ushuru wa barabara bila kulipa. Faini zikarundikana, gari likakamatwa, likapigwa mnada, nao wakalinunua tena na kurudi nalo barabarani. Kodi ya usajili ilianza kusamehewa 1990, ushuru wa barabara 1997, VAT 2001. Mwaka 2005 magari ya umeme yakaruhusiwa kutumia njia za mabasi. Kwa mtu anayekaa pembezoni mwa mji mkuu, Oslo, na kukwama foleni kila asubuhi, naamini ruhusa hiyo ilimvuta kuliko tangazo lolote.

Baridi nayo inaulizwa sana, na ina haki ya kuulizwa. Betri ikipoa, umbali ambao gari linafika kwa chaji moja unapungua. Dereva aliyezoea hulala ameliacha gari kwenye waya. Asubuhi, angali anakunywa kahawa, analipasha joto kwa kubonyeza simu, ili joto hilo litokane na umeme wa nyumbani na betri ibakie na chaji yake. Umeme wenyewe, takriban asilimia 90, unazalishwa kwa nguvu za maji.

Gharama zipo, na umma una haki kuzijua. Hazina ilipoteza mapato mengi, na walionufaika zaidi ni wenye uwezo wa kununua gari jipya. Njia za mabasi nazo zikajaa hadi masharti yakawekwa. Kwa sababu ya gharama hizo, mwaka 2023 VAT ilirudishwa kwa sehemu ya bei iliyozidi kroni 500,000. Binafsi naona marekebisho hayo yalichelewa.

Mwaka 2024, kati ya kila magari mapya 100 yaliyouzwa, karibu 89 yalikuwa ya umeme. Septemba ya mwaka huo, ukihesabu magari yote ya abiria yaliyosajiliwa nchini humo, mapya na ya zamani, ya umeme yakayapita ya petroli kwa idadi, ingawa ya dizeli bado yaliongoza. Lengo lililowekwa na bunge mwaka 2017, kwamba ifikapo 2025 magari mapya yote yasitoe moshi, halikuwa marufuku. Anayetaka la petroli bado ananunua, mradi akubali kodi yake.